Panya Hakunji Karatasi

Mheshimiwa alikufa Jumamosi asubuhi, ndani ya mfuko wa koti la zamani lililoning'inia nyuma ya mlango. Alikuwa panya wa kijivu, mwenye mguu mmoja mweupe wa mbele, na jina hilo alilipata kwa sababu hakula kitu mpaka anawe uso, kisha alikishika chakula kwa mikono miwili na kuwatazama watu kana kwamba wamekuja kumwomba kazi. Mtoto wa nyumba hiyo, ambaye alizaliwa njiti na tangu hapo akaitwa Tone, alitia mkono mfukoni kumtoa kama alivyofanya kila siku kabla ya chai. Akamkuta wa baridi na mgumu. Hakupiga kelele. Alimtoa, akamlaza kiganjani, akakaa naye kitandani. Mama yake alimwita mara mbili bila kuitikiwa, ndipo alipoingia kuona kulikoni.

"Amekufa," Tone akasema.

Mama yake alikuwa msusi. Mteja wa kwanza alikuwa tayari ameketi mkekani sebuleni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Mama alisimama mlangoni na chanuo mkononi, akamtazama panya, akamtazama mtoto, na moyo wake ukaingia baridi kidogo asijue kwa nini.

"Pole, mwanangu. Mtie kwenye boksi la viatu. Baba yako akirudi atamzika."

"Asizikwe leo."

"Haya. Njoo unywe chai basi."

Mteja alikuwa amesikia. Alijaribu kujizuia, akashindwa. "Mama Tone, yaani humu ndani kuna msiba wa panya? Katika nyumba ya Paka?"

Alicheka mpaka mama akamwambia atulize kichwa. Na kweli, asiyeijua nyumba hiyo angedhani ni utani. Baba yake Tone alikuwa mpuliza dawa. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikodishwa na maghala ya nafaka kuua mende, fukusi na panya, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Paka. Siku moja alihamisha magunia akakuta kiota, akaua wote waliokuwemo, akabakiza kitoto kimoja kilichokuwa bado hakijafumbua macho. Alikitia mfukoni, akakileta nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwelewa, na yeye mwenyewe akiulizwa alisema alikuwa amechoka siku ile.

Tone alikunywa chai yake yote. Hakulia.

*

Paka alirudi mchana, Jumamosi ikiwa nusu siku kwake. Mkewe alimwambia pale pale mlangoni, kwa sauti ya chini, naye akatabasamu kwa huruma, akavua viatu, akaingia chumbani. Tone alikuwa ameketi sakafuni na boksi la viatu mapajani.

"Hebu nimwone mwenzetu."

Akamfunulia. Paka aliinama, na tabasamu likabaki usoni peke yake, halina tena mtu nyuma yake. Masikio ya panya, yaliyokuwa ya waridi, yalikuwa meupe kama karatasi. Puani kulikuwa na tone la damu lililokauka. Tumbo limevimba. Paka alikuwa ameokota panya wa namna hiyo kwa ndoo, kwa miaka, wala hakuhitaji kumgeuza upande wa pili.

"Kafa kwa nini, baba?"

"Uzee."

"Hata miaka miwili hajafika."

"Mwaka wa panya ni mwingi, Tone."

Mtoto akafunika boksi taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Alipotoka kwenda msalani, Paka aliliendea koti nyuma ya mlango. Ndani yake, upande wa kifua, palikuwa na mfuko alioushona mwenyewe kwa sindano na uzi. Humo aliweka pakiti za karatasi ya kaki, na ndani ya kila pakiti mlikuwa na punje za ngano zilizotiwa dawa na kupakwa rangi ya buluu. Sheria ya kampuni ilikuwa dawa inayobaki irudishwe stoo. Paka alirudisha nyingi na kubakiza kidogo, akaiuza njiani kwa watu waliosumbuliwa na panya. Hakuiita wizi. Aliiita masalia. Fedha yake iliingia kwenye kodi na ada bila mkewe kuuliza imetoka wapi, maana alidhani ni posho.

Pakiti moja ilikuwa imetobolewa pembeni, na alama za meno zilionekana wazi. Paka alishusha pumzi. Kumbe kajitafutia mwenyewe. Masikini Mheshimiwa, tamaa imemponza. Alikuwa anairudisha pakiti alipoona mdomo wa ile pakiti. Ulikuwa umefunguliwa na kukunjwa tena, mara mbili, vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, tena haukuwa mkunjo wake yeye. Yeye alikunja mara moja na kubana kwa pini. Pini haikuwepo.

Panya hutoboa. Panya hutafuna. Panya hakunji karatasi.

Alisimama na pakiti mkononi mpaka aliposikia mlango wa msalani.

*

Wakati wa kula Paka hakuonja chakula chake. Alikuwa anamtazama mtoto. Tone alikula polepole, akiwa ameliweka boksi karibu na goti. Mkono wake ulikuwa na alama nyeusi karibu na kiwiko. Ni michezo, Paka akajiambia. Watoto hujigonga.

"Tone," akasema, akijaribu kuifanya sauti iwe ya kawaida, "uliwahi kutia mkono kwenye lile koti langu? Kule ndani?"

"Sijagusa."

Alijibu upesi mno. Aliambiwa tangu zamani kwamba mfuko wa nje ni wa Mheshimiwa, wa ndani ni wa baba, na atakayeugusa atachapwa. Mama aliinua macho kutoka sahani yake.

"Kuna nini humo ndani?"

"Karatasi za kazini," Paka akasema.

Mambo yakaishia hapo. Mtoto alishukuru kwamba hakuulizwa zaidi, na baba naye alishukuru kwamba hakuulizwa zaidi. Wote wawili waliinamia sahani zao, na mama katikati yao alihisi kuna jambo limepita mezani bila kumsalimia.

Paka aliihamishia dawa kwenye sanduku la zana, akalifunga kwa kufuli, akatoka nje kukaa kwenye benchi. Kilichomtisha hasa kilikuwa maneno yake mwenyewe. Kila alipouza pakiti aliyasema yale yale, tena kwa madaha: Hii haina haraka, bwana. Anakula leo, anakufa wiki ijayo, wenzake hawashtuki. Ndiyo uzuri wake. Mnyama huendelea kula na kucheza huku damu ikisahau kuganda, na anapoanza kukaa pembeni mambo yameshakwisha. Wateja walipenda sana sehemu hiyo.

Muuza mkaa, jirani wa mlango wa pili, alimwona akatoka na kigoda chake. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye masihara, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Paka, nasikia umefiwa."

"Ndiyo hivyo."

"Basi leo dunia imepinduka. Nilidhani utafanya karamu." Alipoona hakucheka, akapunguza. "Lakini yule mtoto mnamwangalia? Mimi mtoto akilia simhofii. Asiyelia ndiye namwogopa. Maana wale walikuwa ndugu kabisa, walikula pamoja. Juzi juzi nimewakuta pale kizingitini, anaonja yeye kwanza, ndipo anampa mwenzake. Nikamwambia, mjukuu wangu, utapata maradhi. Akanijibu, bibi, Mheshimiwa lazima aonjewe."

"Walikuwa wanakula nini?"

"Sikuona vizuri. Vitu vidogo vidogo, kama mtama. Anavitoa kwenye kiganja."

"Vya rangi gani?"

"Hee, Paka. Mimi na macho haya ya moshi nitajulia wapi rangi?"

Paka aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akashika ukuta. Alijua alichopaswa kufanya. Alijua vilevile kwamba ili afanye hivyo lazima aseme, na akisema atakuwa amesema yote, kwa mkewe, kwa daktari, kwa kampuni. Akatafuta sababu za kungoja, na mtu anayetafuta sababu hazikosi. Mtoto amekula chakula chake. Mtoto anatembea. Labda alionja punje moja akaitema. Kesho nitamwangalia tena, akajiambia, na kesho asubuhi akiwa mzima, basi ni mzima.

Alirudi ndani akiwa na uso wa mtu aliyekwenda kunawa.

*

Jumapili hapakuwa na wateja, na ndiyo siku mama alipomsuka mwanawe. Alimketisha katikati ya magoti yake karibu na dirisha, akamfumua nywele, akachukua chanuo. Boksi la viatu lilikuwa nje kwenye kibaraza, limefunikwa kwa kigae, kwa sababu lilikuwa limeanza kunuka na Tone alikubali litoke ndani ila lisiende mbali.

"Leo nikusuke vipi?"

"Vyovyote."

"Tangu lini wewe ukasema vyovyote?"

Aligawa nywele kutoka paji la uso mpaka kisogoni, na njia ilipofunguka aliona ngozi ya kichwa ina doa la zambarau, pana kama sarafu. Akagawa pengine. Doa lingine.

"Umeanguka wapi?"

"Sijaanguka."

"Mtu kakupiga shuleni?"

"Hapana."

Jino la chanuo lilimkwaruza kidogo nyuma ya sikio. Ni jambo linalotokea mara elfu katika kazi ile. Msusi hupangusa kwa kidole, basi. Mama akapangusa. Damu ikarudi. Akapangusa tena, akaikandamiza kwa pindo la nguo yake, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Ikarudi, nyembamba, bila haraka, ikateremka shingoni kama jasho.

"Hebu nigeukie. Fungua mdomo."

Fizi za mtoto zilikuwa na mstari mwekundu kuzunguka kila jino.

"Baba Tone," akaita. Hakupaza sauti, lakini Paka aliyekuwa uani aliisikia kama imepigiwa sikioni. Aliingia, akaona pindo la nguo lenye damu, akaona mdomo wa mtoto. Alikaa chini pale alipokuwa.

Mkewe alikuwa anamtazama yeye sasa, si mtoto. Alikuwa ameishi naye muda mrefu na aliijua hofu ya mtu aliyeshtuka, na aliijua pia hofu ya mtu aliyekuwa anangoja.

"Unajua kitu."

"Mama Tone..."

"Unajua kitu toka jana. Sema."

"Ni dawa. Dawa ya panya. Nadhani ameila."

"Dawa ya panya imetoka wapi mpaka iwe nyumbani kwangu?"

Akamwambia. Alisema akitazama sakafu, kwa maneno machache, kwani yalipofika mdomoni yalikuwa machache kweli: koti, mfuko, pakiti, kuuza. Alipomaliza, damu iliendelea kuteremka nyuma ya sikio la mtoto aliyekuwa ameketi katikati yao, nusu ya kichwa imegawanywa, nusu bado.

"Toka jana," mama akasema tena, kama mtu anayejifunza neno. Kisha akasimama. "Lete hizo pakiti. Zote. Daktari atataka kuona. Tone, vaa viatu, mama."

*

Mapokezini pa hospitali palikuwa na nesi mmoja na watu benchi tatu. Nesi aliuliza shida ni nini bila kuinua kichwa.

"Mtoto anatoka damu," mama akasema. "Alikuwa na panya, na panya amekufa..."

"Ngoja kwanza. Panya amekufaje?"

"Panya wake. Wa kufuga. Amekufa jana."

Nesi akainua kichwa. "Poleni na msiba. Lakini hapa tunatibu watu, panya tunawakimbiza."

Benchi la mbele likacheka, kicheko cha watu waliongoja tangu alfajiri na kupata kitu cha bure. Paka alitazama nyuso zile. Ingekuwa rahisi sana kukaa nao, kungoja zamu. Alitoa pakiti mfukoni, akaifungua juu ya meza, na punje za buluu zikamwagika mbele ya nesi.

"Amekula hii," akasema. "Mimi ndiye niliyeileta nyumbani. Amekula hii, na damu yake haigandi."

Kicheko kikakatika. Nesi aliiangalia ile buluu, akamwangalia mtoto, akasukuma kiti nyuma na kuondoka mbio kwa viatu vyake vya mpira.

Daktari alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya polepole. Alimlaza Tone kitandani, akamkagua ngozi, macho, fizi. Kisha akavuta kigoda akakaa chini ya usawa wa uso wa mtoto.

"Mwanangu, nataka kukuuliza jambo. Uliila dawa hii?"

Tone alitazama ukuta.

"Hakuna atakayekugombeza."

Tone alimtazama baba yake kwa pembe ya jicho, na Paka akaelewa mtoto anaogopa nini. Alikuwa anaogopa yeye. Alikuwa anaogopa ule mfuko, na ile ahadi ya kuchapwa, na juu ya yote alikuwa amebeba kitu kizito zaidi ambacho hakuna mtu aliyemsaidia kukibeba.

Paka alikuja karibu na kitanda. "Tone. Jana nilikudanganya. Mheshimiwa hakufa kwa uzee. Alikufa kwa sababu mimi niliweka sumu mahali alipolala. Mimi. Wewe hukumuua."

Mtoto aligeuka kutoka ukutani, akamtazama.

"Alikuwa anazitafuta," akasema taratibu. "Alikuwa anakwaruza kwa ndani ya koti kila siku. Nikaona ana njaa. Nikamtolea. Nikaonja kwanza, zilikuwa tamu. Basi tukawa tunakula. Mbili zake, moja yangu."

"Mara ngapi?" daktari akauliza.

"Kila nikitoka shule. Mpaka alipoacha kula."

Mama alifunika mdomo wake kwa mkono. Tone alifikiri, na kwa mara ya kwanza fikra ile ikamfika. Akamgeukia daktari.

"Na mimi nitaacha kula?"

Daktari hakutabasamu wala hakumpapasa kichwa. "Tunafanya haraka ili usiache," akasema.

*

Daktari alivuta damu ya mtoto, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akakisimamisha mezani. Akawaeleza wazazi: damu ya mtu mwenye afya, ikikaa hivi, baada ya muda huganda, ukiinamisha kichupa haimwagiki. Wangoje waone. Wakangoja, mmoja upande huu wa meza, mwingine upande ule, macho yao kwenye kitu kidogo chekundu. Daktari aliporudi alikiinamisha kichupa mbele yao. Damu ilitiririka upande mmoja, akakiinamisha upande wa pili, nayo ikatiririka kule, nyepesi kama maji yaliyotiwa rangi.

Mama akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga mwiba.

"Mmewahi kuliko wengi," daktari akasema. "Kuna dawa ya kurudisha. Tunamchoma sindano sasa hivi, kisha vidonge, na hatavikatiza mpaka niseme mimi. Lakini leo na kesho asiguswe, asianguke, asijikune. Akisema kichwa kinamuuma, niite, hata kama nakula."

Tangu hapo neno kichwa likawa ndilo linalongojwa. Mtoto alipogeuka, mama aliuliza, kichwa? Alipofumba macho, mama aliuliza. Tone alijibu hapana, hapana, mpaka akachoka kujibu, na kimya chake kikawa kibaya kuliko jibu.

Walipokuwa wamesimama nje ya pazia, mama akamwuliza mumewe swali alilokuwa amelibana kwa meno tangu asubuhi.

"Umewauzia nani?"

"Watu. Watu wa njiani tu."

"Wana watoto?"

Paka alilitazama pazia.

"Hujui, au unajua?"

"Wengine wanao."

"Basi unasimama hapa unafanya nini?"

*

Alianza na aliowajua. Mwenye duka la vyombo alimcheka. Alisema dawa ni kiboko, panya wamehama, na kama ana nyingine alete. Alipoelezwa alitaka arudishiwe fedha yake kwanza, mbele ya wateja, na Paka akamrudishia. Fundi seremala alimfukuza kwa matusi ya nguoni, akimwita mwuaji, kisha akamwita arudi na kumkabidhi pakiti ikiwa haijafunguliwa. Katika nyumba moja mama mwenye mtoto wa kutambaa alikuwa amemwaga punje kwenye visosi, akavisukuma chini ya kitanda na nyuma ya debe la maji. Paka alipiga magoti, akavitoa. Kisosi kimoja kilikuwa kimepinduka. Aliokota punje moja moja kwenye nyufa za sakafu kwa ncha ya kucha, huku mtoto amemshika mguu wa suruali akijaribu kusimama.

"Kwani vipi, baba?" yule mama aliuliza. "Si ulisema haina madhara kwa watu?"

"Nilisema uongo," Paka akasema. "Mpeleke hospitali leo hii, wakampime. Usingoje aumwe." Akamwelekeza kwa daktari yule yule, akangoja mpaka alipomwona amembeba mtoto na kufunga mlango.

Aliwapata wote isipokuwa mmoja, mwanamume wa baiskeli aliyemsimamisha barabarani jioni fulani. Hakuwa amemwuliza jina wala anapokaa. Alisimama pale pale barabarani, akazitazama baiskeli zinazopita, akasimamisha kadhaa. Wenye baiskeli walimwona mtu asiye na akili timamu.

Kabla ya kurudi hospitali alipita nyumbani, akachimba nyuma ya jiko, karibu na ukuta. Alichimba kina kirefu ili mbwa wala kuku wasimfukue, kwa maana mzoga wa namna ile humuua hata anayeula. Kazini shughuli hiyo ilifanywa kwa koleo na chokaa, ndoo ikapinduliwa, basi. Safari hii alifungua boksi. Tone alikuwa amemfunika Mheshimiwa kwa soksi yake ya shule. Paka hakuiondoa. Alimshusha kwa mikono miwili, uzito wake haukuzidi wa yai, na alipofukia udongo aligundua kwamba hajui mtu husema nini. Akasema, "Haya, ndugu yangu." Akasawazisha.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa msimamizi, akamweleza. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna mtu wa gazeti anayejua, akaambiwa hapana.

"Vua hilo koti la kazi," akasema. "Ni la kampuni."

Alilivua hapo hapo, mbele ya vijana wa zamu waliokuwa wanajaza mapipa, akatoka getini na singlendi. Hakuna aliyemwita Paka.

*

Damu ya Tone iliganda siku ya tatu. Daktari alikiinamisha kichupa na ile nyekundu ikabaki palepale, kama imegundishwa, na mama akaomba akishike mwenyewe, akakiinamisha huku na huku mpaka daktari akamnyang'anya taratibu. Waliruhusiwa kwa masharti: vidonge kila siku, kwa wiki nyingi, na kurudi kupimwa. Nyumbani mama alimtandikia mtoto kitanda mbali na ukuta, akafunga vitambaa kwenye kona za meza. Na mumewe alisema naye ya lazima tu: chumvi iko wapi, maji yameisha, mtoto amemeza kidonge au bado.

Jioni ile Tone aliomba aonyeshwe alipozikwa Mheshimiwa. Baba yake akamshika mkono, wakazunguka nyuma ya jiko. Palikuwa na udongo uliokuwa bado mweusi kuliko wa pembeni. Mtoto akachuchumaa, akauwekea kiganja.

"Umemfunika?"

"Na soksi yako."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha, bila kumtazama, akauliza, "Baba, wale wa ghalani nao walikuwa hivi?"

"Hivi vipi?"

"Wanachoka. Halafu wanakwenda kukaa kwenye kona peke yao. Halafu ukiwagusa wanatetemeka mwili mzima."

Katika miaka yote ile Paka aliweka dawa na kuondoka, na aliporudi alikuja na ndoo.

"Sijui," akasema. "Mimi nilikuwa nakuja kuokota tu."

"Mimi nilikuwa naye," Tone akasema. "Alikuwa anaogopa. Nilimwambia asiogope, lakini hakuelewa. Alikuwa ananitazama tu."

Ndipo alipolia. Alilia kwa mwili wote, mdomo wazi, vidole vimezama kwenye udongo, na baba yake akapiga magoti akamkumbatia kwa mikono iliyolegea, akiogopa kumbana asije akamwachia doa. Hakumwambia anyamaze. Jikoni sufuria iliwekwa chini, na mama akaja mpaka pembe ya ukuta, akasimama hapo.

Kilio kilipopungua, Paka alimfuta mtoto pua kwa kidole gumba. Akakiinua kile kidole kwenye mwanga uliobaki, akakitazama, akakigeuza. Yalikuwa machozi na kamasi tu.

"Ni nini?" mama akauliza kutoka pale aliposimama.

"Si kitu," akasema. "Ni machozi."

Mama alikuja karibu, akamshika mumewe mkono, akakitazama kidole mwenyewe.